Dokta wa Getini

Maganga alikuwa mlinzi wa geti la karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, nje kidogo ya Buseresere. Kwa miaka kumi na mmoja hakuna aliyejisumbua kumjua jina. Ikaja korona, tajiri mwenye karasha akamkabidhi kipima joto cha umbo la bastola, na ghafla majitu yenye nyundo begani yakawa yanainamisha kichwa mbele yake na kumwita dokta. Cheo kilimkaa vizuri kuliko koti la ulinzi.

Mwezi wa pili kile kidude kilimponyoka, kikatumbukia kwenye ndoo ya kunawia mikono. Akakianika juani, hakumwambia mtu. Tangu hapo kila aliyepita alikuwa na nyuzi thelathini na sita nukta nne: wachimbaji, mama ntilie, hata mwenye malaria aliyekuwa anatetemeka meno. Maganga akatangaza kuwa geti lake halijawahi kupitisha mgonjwa. Kila jioni akawa anakwenda nacho nyumbani, kuwapima majirani.

Ndipo Mageni, binti yake wa miaka miwili, akaanza kukohoa. Maganga akampima kwenye paji la uso.

"Mzima huyu."

Siku ya pili mtoto akakataa kula. Akapimwa. Mzima. Siku ya nne mbavu zilikuwa zinaingia ndani kila akivuta pumzi, na Lusia, mke wa Maganga, akamfunga mgongoni kwa kitenge.

"Twende kituo cha afya, Baba Mageni. Mtoto anahema huyu!"

"Na wakisema ni korona? Nyumbani kwa dokta?" Akampima tena. "Angalia mwenyewe, mayu. Thelathini na sita nukta nne."

Lusia akamnyang'anya kile kidude, akakielekeza kwenye sufuria ya uji uliokuwa unatokota jikoni, kisha akamwonyesha. Thelathini na sita nukta nne.

Maganga alisoma mara mbili. Alitafuta namna ambayo uji unaweza kuwa mzima, asiipate. Akaikumbuka ile ndoo. Akatoka mbio kuita bodaboda.

Kituoni, nesi Eunice hakuuliza habari za nyuzi. Alimfunua mtoto kifua, akatazama saa yake, akahesabu pumzi dakika nzima. Sitini na mbili.

"Hii nimonia. Umri huu zikifika arobaini tu, ni hatari."

Akamchoma sindano, akamwekea oksijeni. Maganga alisimama pembeni akihesabu kimoyomoyo, akimwomba Mungu zipungue.

Jioni ya siku iliyofuata zilishuka hadi thelathini na nane. Mageni akaomba maji. Maganga akalia mbele za watu bila aibu yoyote.

Nesi Eunice akavuta daftari lake.

"Kabla ya kumleta, alikuwa ameumwa siku ngapi?"

"Nne," akasema Lusia.

"Siku nne! Mlikuwa mnafanya nini?"

Maganga alimgeukia mkewe. Lusia akamjibia:

"Tulikuwa tunampima."