Ngoma Aliyoinyamazisha Kaluki

Kama kuna mtu Kathonzweni aliyezaliwa pamoja na wasiwasi wake, ni Kaluki, yule mama wa kuuza ndengu. Mvua ikichelewa, hali chakula. Mvua ikija, halali usingizi, eti itabeba ndengu shambani. Watu sokoni humtania kwamba hata akifika mbinguni atauliza kama paa linavuja. Msimcheke sana. Vijana arobaini wa pale wasingejua kuigiza wala kucheza ngoma kama si yeye.

Miaka miwili iliyopita, ni yeye aliyemwendea Pasta Kilonzo kuomba ukumbi wa kanisa kila Jumamosi kwa ajili ya vijana walioacha shule. Kikundi cha maigizo cha kule mjini Wote kikakubali kumtuma mwalimu, Mulei. Fahim mwenye duka la mabati akasema chai na mandazi ni juu yake. Mafiga yakawa matatu. Na Kaluki alijua fika ni lipi lililokuwa likitikisika, maana wazee wawili wa kanisa walitaka ukumbi ugeuzwe stoo ya mahindi. Jumamosi ninayoisimulia, pasta na wazee walikuwa waje kuwatazama vijana, kisha waamue kama watawapa mwaka mwingine.

Asubuhi hiyo Kaluki alifika mapema kufagia. Akasikia ngoma nyuma ya ukumbi. Hakuhitaji kuuliza ni gani. Ilikuwa kilumi, ngoma ya akina mama wazee, ya kuombea mvua na kutuliza mizimu. Huku kwetu waliookoka wakiisikia huhamia upande wa pili wa barabara. Akazunguka mbio, ufagio mkononi. Mpigaji alikuwa Mutindi, msichana wa miaka kumi na sita mwenye kigugumizi, ambaye tangu ajiunge nao hajawahi kusema hata mstari mmoja jukwaani.

“Woi, Mutindi! Nani amekufundisha hiyo?”

“S-susu,” akajibu akitabasamu. Ndivyo alivyomwita nyanya yake. “Mwalimu a-alituambia tulete kitu cha nyumbani.”

“Na unataka kuipiga leo? Ndani ya kanisa? Mbele ya pasta?”

“Ndiyo, mwaitu,” akasema, akimwita mama kwa Kikamba. “N-nili… n-nili…”

“Hapana, mwanangu, hapana! Utatufungia mlango. Wenzako wote watarudi stendi kutafuna miraa kwa sababu yako. Leo piga tu ile ya kwaya. Nakusihi.”

Mutindi alifungua mdomo tena, neno likakataa kutoka. Akaitikia kwa kichwa.

Basi wakaja wazee, wakaja wazazi, na Kaluki akakaa kiti cha mbele akilowa jasho. Kila Mutindi aliposogelea ngoma, moyo ulimruka. Je, akisahau? Je, mikono ikimponyoka? Lakini msichana alipiga ya kwaya, taratibu, macho chini, mpaka mwisho. Wazee wakapiga makofi. Karibu na mlango alikuwa amesimama bibi mmoja mwenye leso kuukuu, aliyekataa kila kiti alichopewa. Igizo lilipoisha alitoka bila kungoja chai. Kaluki alimwona, wala hakumjali.

Pasta Kilonzo akamwita kando.

“Mama Kaluki, ukumbi ni wenu mwaka mwingine. Hata wale wawili wamekubali.”

Kaluki alitaka kupiga vigelegele pale pale. Haki, furaha ilimjaa mpaka machozi.

“Lakini mbona Mutindi hakupiga kilumi?” pasta akauliza.

“Kilumi?”

“Si alikuja kwangu Jumanne kuomba ruhusa? Ilimchukua nusu saa, lakini aliyasema yote mwenyewe. Mimi niliogopa, sikufichi. Nikazungumza na wazee, tukaona ni mchezo, si ibada, acha apige. Nyanya yake alikuwa hajakanyaga hapa tangu tulipomwambia ngoma yake ni ya shetani. Leo alikuja kumsikiliza mjukuu. Si umemwona pale mlangoni?”

Kaluki akageuka kutazama mlangoni. Angeweza kunyamaza, nani angejua?

“Ni mimi niliyemkataza,” akasema, akatoka nje karibu akimbie.

Aliwakuta Mutindi na nyanya yake kwenye njia ya kisimani. Nyanya alikuwa ametangulia, ngoma yake ya kilumi mgongoni, hakugeuka hata alipoitwa. Mutindi alisimama.

“Mutindi, nisamehe! Pasta ameniambia. Nimekosa mimi, nimekosa kabisa. Rudini upige, watu bado wako, hata chai haijaisha. Mwambie susu arudi. Kama hataki, basi Jumamosi ijayo, tutamwekea kiti cha mbele, mimi mwenyewe…”

Akaona msichana anajaribu kusema, akafunga mdomo. Midomo ya Mutindi ilitetemeka, shingo ikakaza. Jua lilikuwa linachoma. Kaluki alisubiri, akaogopa neno litakalokuja, akasubiri tu.

“W-wengine wote hunikatanga maneno,” Mutindi akasema. “Ni w-wewe peke yako ulikuwa unaningojanga nimalize.”

Kisha akamfuata nyanya yake, na Kaluki akabaki pale njiani.