Nilivyocheza Kwenye Matanga ya Mama

Spika kubwa ikijaribiwa mahali popote, ule mngurumo wa kwanza unaotikisa mabati, mimi hutazama chini. Nimefanya vibarua Ruiru, nimeuza mitumba Kamakis, nimehama vyumba nisivyoweza kuvitaja vyote, na aibu hiyo huhama nami.

Nilikuwa na miaka sita, tukiishi Kiandutu, Thika. Mama alikuwa amelazwa hospitalini. Asubuhi moja mdogo wake, Mama Mdogo Rose, alirudi peke yake akaniambia, "Mama amesafiri. Atarudi." Nikauliza atarudi lini, na ataniletea nini. Akaniosha uso, ingawa ulikuwa safi.

Siku chache baadaye, mchana, uani kukajaa watu. Sisi wa kutoka magharibi mwa Kenya tukifiwa mjini hupiga muziki ili watu waje wachange, mwili upate kusafirishwa nyumbani. Hayo sikuyajua. Niliona turubai, jenereta, chai ya maziwa mengi, na picha ya mama mezani, imezungushiwa maua. Nikadhani ni sherehe ya kumkaribisha. Basi nikacheza. Nilicheza mbele ya ile picha, nguo yangu ya kanisani ikipepea, jicho langoni nimwone akiingia.

"Chini kabisa, kasichana!" vijana walishangilia. "Huyo ni moto!"

Bibi mmoja alilia. Nikamchekea.

Njoki, mtoto wa landilodi, wa rika langu, akanivuta mkono. "Kai! Kwani umefurahi mamako amekufa?"

"Muongo wewe! Amesafiri! Muulize Mama Mdogo!"

Jenereta ilikuwa imezimika ghafla, kwa hiyo kila mtu alinisikia. Mama Mdogo alikuwa ameshika birika. Hakunitazama. Aliendelea kumimina chai kwenye kikombe kilichokwisha kujaa.

Ndipo nikajua. Sikupata pa kuificha miguu yangu, nikaikalia.

Kwa miaka nilimchukia Mama Mdogo kwa aibu ile. Niliacha shule mapema, nikazurura, nikiuliza watu maswali hadi wachoke, maana sikuamini tena jibu la kwanza.

Kisha nikapigiwa simu: Mama Mdogo Rose amefariki. Niliyekuwa naishi naye akauliza, "Kuna nini?"

"Hakuna," nikasema, nikaenda kuosha vyombo visivyo vichafu.

Mama yangu alikuwa dada yake Mama Mdogo. Nilimdai neno ambalo yeye mwenyewe alikuwa bado hajajiambia.