Gari Lililokataa Kona

Gari langu lilikuwa halipendi kukata kona, na mimi naishi Lushoto, ambako barabara ni kona, kisha kipande kidogo cha kupumulia, kisha kona nyingine. Nacheka hata sasa nikiandika. Mtu ananunua gari la fowili, tena ile ya muda wote, magurudumu yote manne yanavuta, ili apande milima kwa raha zake. Halafu gari lenyewe likifika kwenye kona kali linajikaza kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Kwenye njia iliyonyooka linakwenda. Ukikata usukani linashikwa, linaruka kidogo, tairi zinalia, nami jasho linanitoka kwenye baridi ya asubuhi.

Aliyeumia zaidi hakuwa mimi, alikuwa bibi yangu, mzaa mama. Anaishi nasi, na mdogo wake wa tumbo moja yuko Vuga. Wote wamezeeka, miguu ya yule mdogo imegoma kabisa, na kwa miaka walikuwa wanaonana kwa simu tu. Yaani kila mmoja anapiga kelele kwenye simu yake mpaka majirani wanajua habari zote za Vuga. Kupanda basi dogo Bibi hawezi tena. Nilipopata gari la kubebea miche yangu ya matunda, yeye ndiye aliyefurahi kuliko wote.

"Mume wangu," aliniambia, "sasa utanipeleka kwa mdogo wangu kabla mmoja wetu hajaondoka."

Mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake, huo ni utani wetu wa siku zote, na Bibi anautumia kama mtu anayedai haki. Nikamwambia, "Mke wangu, jiandae."

Tulitoka siku niliyopanga, yeye na khanga mpya na furushi, mimi na majigambo. Hatukufika mbali. Kwenye mteremko wa kwenda Soni, kona ya kwanza iliyobana, gari likashikwa, likaruka. Bibi akashika dashibodi kwa mikono miwili.

"Geuza."

"Bibi, ni kona tu."

"Geuza, mume wangu. Gari hii haitaki Vuga. Ina sababu yake."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Alirudi nyumbani akafungua furushi lake, akampigia mdogo wake, akamwambia safari imekataa. Alikuwa ameamua kwamba anazuiwa, na mtu anayezuiwa, kwa Bibi, hasukumi mlango. Nilitamani kulipiga gari teke. Nililipiga, nikaumia kidole.

Fundi wa kwanza alisema breki zinakamata. Tukaliinua kwa jeki, tukazungusha kila gurudumu kwa mkono, yote yakawa mepesi. Fundi wa pili akasema jointi. Lakini jointi mbovu inaongea, utaisikia ikigonga ka-ka-ka ukikata kona, na langu lilikuwa linanyamaza, linajikaza, ndipo linaruka. Na Lushoto kila mtu ni fundi. Mteja mmoja aliyekuja kununua miche ya parachichi alinishauri niseme bismillahi kabla ya kila kona. Bismillahi nilikuwa naisema tangu mwanzo, tena kwa sauti.

Jibu lilianzia kwenye matope. Nilipeleka miche upande wa Mlalo siku ya mvua, na kwenye njia ya udongo gari likakata kona zote vizuri, laini kabisa. Niliporudi kwenye lami, likashikwa. Nilisimamisha gari pembeni, nikashuka, nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Kwenye matope tairi inaweza kuteleza, kwenye lami haiwezi. Kwa hiyo magurudumu yangu yalikuwa yanagombana yenyewe kwa yenyewe, na utelezi ndio uliokuwa unayaamua.

Sasa nilihitaji mahali pagumu na tambarare nizungushe gari duara zima. Tambarare, Lushoto! Uwanja wa mpira ni udongo. Stendi imeinama. Mahali pekee palipofaa ni ua wa kanisa la Walutheri, uliotandazwa vitofali vya saruji. Mzee wa kanisa ni mteja wangu, akaniambia, "Njoo, ila usikanyage maua ya akina mama." Mjomba wangu akaja kusimamia, maana mjomba haachi jambo la mpwa wake lipite bila yeye. Na Bibi naye akaja. Gari linalozunguka tu bila kwenda popote, alisema, hilo anaweza kulipanda.

Nilikata usukani mpaka mwisho, nikaweka gia, nikaondoa mguu kwenye mafuta. Gari lisilo na ubovu lingeendelea kujiburuta pole pole. Langu lilisimama lenyewe, kama limeshikwa shati kwa nyuma. Nikakanyaga mafuta, likaenda kwa kurukaruka, na Bibi kiti cha nyuma akaanza kucheka, khanga imemshuka begani.

"Bibi, tuko kanisani!"

"Mungu ni mmoja, mume wangu. Zungusha!"

Wanakwaya waliokuwa mazoezini wakatoka wote kuangalia. Nilizungusha kuliko nilivyohitaji, nakiri, kwa sababu sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu siku ile tuliyogeuza.

Kisha nikachukua kamba, nikaizungusha kwenye tairi ya mbele, nikafunga fundo la alama pale ilipokutana. Nikaipeleka kwenye tairi ya nyuma. Fundo halikufika. Lilipungua upana wa vidole vinne, nami hapo hapo nikajua ugonjwa, na nikakosa pa kuangalia.

Tairi za nyuma zilikuwa zawadi ya mjomba. Yeye anabeba kabichi kwa pikapu, na wabeba mboga wa huku huvalisha nyuma tairi ndefu kidogo ili gari lisikalie makalio likijaa mzigo mlimani. Kwenye pikapu yake, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma tu, hakuna neno. Aliponiona nabeba miche na udongo wake, akanifungia zake mbili kwa mapenzi. Lakini gari langu mbele na nyuma vimeunganishwa. Tairi fupi inazunguka zaidi ya ndefu kwa mwendo ule ule, na kiungo cha katikati kinasokotwa kama kamba mpaka kijiachie kwa kuruka. Kwenye njia iliyonyooka kilivumilia. Kwenye kona ya lami, ambako tairi za mbele hupita njia ndefu kuliko za nyuma, kilishindwa.

Haya, nani amwambie mjomba? Zawadi ya mjomba hairudishwi, wala haikosolewi. Nilikohoa. Nikasifia maua ya akina mama. Bibi, ambaye alikuwa ameshika ncha ya kamba muda wote, alinitazama, akatazama fundo, kisha akamwita mwanawe.

"Wewe, njoo upime mwenyewe."

Mjomba akapima. Akatazama tairi, akanitazama mimi. "Hii kamba imevutika."

"Hiyo ni kamba ya mbuzi wangu," Bibi akasema. "Haijavutika hata mbuzi alipotaka mke. Mwanangu, kumbe ni wewe uliyenizuia kwenda Vuga."

Nikaogopa. Halafu mjomba akapasuka kicheko, akakaa chini kwenye vitofali, akacheka mpaka akavua kofia. Alizifungua zile tairi kwa mikono yake na kunirudishia zangu za zamani, alizokuwa bado nazo kwenye pikapu yake, zilizolika sawa na za mbele. Nikakata usukani, nikaondoa mguu. Gari likazunguka lenyewe, taratibu, bila kugoma. Nilipiga kelele, wanakwaya wakapiga makofi.

Kesho yake Bibi alikuwa ameshakaa garini kabla sijanywa chai. Kona za Soni tulizila moja baada ya nyingine, yeye akiimba. Tulipofika Vuga alianza kuita kabla sijafungua mlango. Mdogo wake alikuwa kwenye mkeka barazani, nikampa shikamoo, sidhani kama aliisikia. Walishikana, wakalia, wakacheka, wakaongea Kishambaa cha haraka mpaka nusu ikanipita.

Jua lilipoanza kushuka nikasema, "Mke wangu, twende, tusije tukakutwa na giza."

Bibi hakuinuka. Furushi lake, ambalo asubuhi nilidhani ni zawadi tu, lilikuwa tayari limewekwa kitandani kwa mdogo wake.

"Nenda, mume wangu," akasema. "Mimi nimefika."

"Mwambie mahari yake tutamrudishia," mdogo wake akadakia, na wote wawili wakaangua kicheko.

Nami nikacheka. Nilicheka mpaka garini, kisha nikashindwa kuliwasha kwa muda. Siku zote zile nilihangaika nimfikishe, wala sikuwahi kumuuliza habari ya kurudi.

Mama alikuwa mlangoni nilipofika Lushoto. Akatazama kiti cha mbele, akaniuliza mama yake yuko wapi.

"Gari imepona, mama," nikamjibu.