Kiungulia Nilichokidhania Moyo

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ilikuwa Alhamisi baada ya adhuhuri, huko Mishomoroni. Nilikuwa nimeshika ngazi kwa mikono miwili huku kifua changu kinawaka moto. Aliyekuwa juu ya ngazi ile ni Fundi Kombo, mpaka rangi aliyenifunza kazi. Alikuwa akipaka ukuta wa ghorofa ya pili, na chini yetu ilikuwa saruji tupu.

Ngoja kwanza nikueleze habari ya kile kifua. Kilikuwa kimenisumbua miezi sita. Moto ulianzia hapa kwenye chembe ya moyo, ukapanda hadi kooni, na maji machungu yakanijaa kinywani. Sikumwambia mtu. Baba yangu alifariki nikiwa na miaka kumi na mitano: alishika kifua akifunga mlango wa duka, akakaa kitako, basi. Kwa hiyo kila moto ulipopanda nilijiambia, ndiyo hii, na mimi imenifikia. Nilikataa kwenda kupimwa nisije nikaambiwa. Na mamangu alikuwa ameshazika mume. Sikutaka ajue kwamba atazika na mtoto.

Na maisha yangu sasa! Asubuhi natoka nyumbani tumbo tupu, ila kahawa chungu vikombe vitatu. Mchana njaa imenishika, basi ni viazi vya karai sahani nzima, ukwaju na pilipili juu yake, bajia, na soda baridi ya kuteremshia. Nilikuwa nameza tu, sitafuni. Kisha najilaza chali kivulini hadi Fundi aniamshe. Moto ukija nakoroga magadi kwa maji, nacheua, napata nafuu, na kesho narudia yale yale. Wallahi, sikuwahi kuiunganisha ile sahani na ule moto. Akili yangu yote ilikuwa kwa marehemu baba.

Alhamisi ile nilikuwa nimekula hivyo hivyo, nimelala hivyo hivyo. Fundi akaniita.

"Athmani! Njoo ushike ngazi, hapa chini si sawa. Usiiachilie hata nikikutukana."

Akapanda. Mguu mmoja wa ngazi ulikuwa juu ya kipande cha ubao, nikaona ubao unateleza. Nikainama kuusukuma, mshipi umenibana tumbo. Palepale chakula na uchungu vikapanda pamoja, koo likaziba, nikashindwa kuvuta pumzi. Mikono ikaacha ngazi, ikashika kifua.

Nilisikia kwanza ndoo ya rangi ikipasuka kando yangu. Nilipoinua macho, ngazi ilikuwa inaserereka ukutani na Fundi ananing'inia kwenye nondo za dirisha, miguu inatafuta pa kukanyaga.

"Ngazi, Athmani! Ngazi!"

Niliirudisha sijui kwa nguvu gani, kifua kinaungua, machozi yananitoka. Akateremka kipago baada ya kipago. Alikuwa mtu mzima, karibu miaka sitini. Nilingoja kofi.

"Ulikuwa umelala?"

"La, Fundi."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nina maradhi ya moyo," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza maneno hayo kutoka kinywani mwangu.

"Nani amekwambia?"

"Hakuna. Najijua. Ni miezi sita sasa, na baba yangu alikufa hivi."

Akakaa chini kwenye saruji, rangi imemjaa miguuni. Hakupaza sauti.

"Miezi sita napanda ngazi iliyoshikwa na mtu anayedhani atakufa wakati wowote, na hukuona haja ya kunambia. Ungenambia ningekupa ukuta wa chini, Athmani. Mimi nina watoto."

Afadhali angenipiga.

Tukaenda zahanati vile vile tulivyo. Nilipovuliwa shati nikafungwa nyaya kifuani, nilimtazama daktari usoni, mama mmoja mtaratibu, nikingoja abadilike. Akaisoma karatasi iliyotoka kwenye mashine ya kupimia moyo. Akairudia.

"Maumivu huja unapopanda ngazi na kubeba mizigo, au ukishakula?"

"Nikishakula. Na nikiinama. Na nikilala."

"Leo umekula nini?"

Nikamtajia. Fundi, aliyesimama mlangoni, akaguna.

"Moyo wako mzima," daktari akasema. "Hii ni asidi ya tumbo inapanda kooni. Ni kiungulia. Lakini umefanya vyema kuja. Maumivu ya kifua hayakisiwi nyumbani."

Nililia mbele yao wawili. Miezi sita nilikuwa nikijizika mwenyewe, na nilikuwa karibu nimzike na mwenzangu.

Nilipewa dawa za wiki chache, lakini kazi kubwa ilikuwa yangu. Fundi hakunigawia brashi asubuhi mpaka aone nimekunywa uji. Tukishakula alinisimamisha nioshe vyombo vya rangi nisipate kulala. Mamangu, nilipomweleza, alikasirika kwanza, kisha akatia matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani, asidi isipande nikilala. Haikuwa rahisi. Harusi moja ya Chaani nilijisahau kwa biriani na achari, na siku ya pili moto ukanirudia. Lakini ukawa unapungua, mwezi hata mwezi. Kwa miezi yote hiyo Fundi alinipa kuta za chini, na sikumlaumu.

Basi mwanangu, nisikilize. Kula kidogo kidogo, utafune. Usiache tumbo tupu kutwa kisha ukalijaza kwa mara moja. Ukishakula, kaa au tembea. Ngoja saa mbili tatu kabla ya kulala. Mshipi ulegeze. Pilipili, vya kukaanga, kahawa, soda na sigara, angalia kipi kinakuchoma wewe, ukipunguze au ukiache. Magadi yalinipoza tu, hayakuniponya. Na kifua kikikubana huku unatoka jasho, au maumivu yakishuka mkononi, au pumzi ikiwa fupi, usiseme ni kiungulia. Nenda hospitali saa hiyo hiyo. Vivyo hivyo ukitapika damu, ukipata choo cheusi, au chakula kikikukwama. Zaidi ya yote, usimfiche unayefanya naye kazi, wala aliyekuzaa. Nawe usijipe jina la ugonjwa kwa hofu yako.

Mwenyezi Mungu akujaalie chakula cha halali kinachokaa tumboni kwa amani, akupe na ulimi wa kusema unapoumwa, na watu wa kukusikiliza. Nenda, mwanangu, na radhi yangu uko nayo.