Seat cover ya Chifu, kwa wale mnaobeba mbwa kwa gari

Wakuu, sasa. Mko poa?

Kuna mtu aliuliza juzi hapa ni seat cover gani nzuri kwa mtu anayesafiri na mbwa. Nikaanza kumjibu kwa comment, comment ikakataa kuisha, nikafuta nikaamua kufungua uzi wangu. Yenye nitasema yamenipata mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Kama unataka jibu la haraka, shuka mpaka chini. Kama una nafasi, shika chai ukae.

Na kabla mnianze na "mkuu", mimi ni mama. Nauza viatu vya mitumba Bondeni, hapa Nakuru. Naendesha gari ya Probox ya kubeba mabelo ya viatu, na viti vyake vya nyuma ni vya kitambaa. Hicho kitambaa ndicho kiliniletea mambo yote.

Mbwa mwenyewe anaitwa Chifu. Hakuwa wangu. Alikuwa wa baba mkwe wangu, mzee aliyefanya kazi kwa shamba la maua Naivasha mpaka akastaafu, akabaki kuishi Kamere pale kando ya ziwa. Mama mkwe alitangulia kitambo. Watoto wakatawanyika kila mtu na maisha yake. Mzee akabaki na Chifu.

Hilo jina alimpa kwa hasira. Alikuwa amekosana na chifu wa huko kwa mambo ya ua wa boma lake, akarudi nyumbani akamwambia yule mbwa, wakati huo bado mdogo, "Kuanzia leo wewe ndiye Chifu, na ukipiga kelele nitakunyamazisha." Chifu wa serikali akipita barabarani, mzee anamwita mbwa wake kwa sauti. Alikuwa mtundu huyo mzee, wacha tu.

Halafu akaanza kuugua. Ule ugonjwa wa wazee wanaume, wa mambo ya kukojoa. Sitautaja zaidi ya hapo, kwa sababu hata kwake sikuwahi kuutaja. Kliniki yake ilikuwa Nakuru. Bwanangu yuko Saudi, ni dereva huko, na ndugu zake wako mbali. Mwenye gari ni mimi, kwa hivyo kazi ikawa yangu.

Niwaeleze kidogo wale si wa kwetu. Sisi ni watu wa magharibi. Kwetu baba mkwe na mke wa mtoto wake wanaheshimiana mpaka heshima yenyewe inakuwa kazi. Hatushikani mkono. Hawezi kulala kwa nyumba yangu, hata mvua inyeshe vipi. Akikalia kiti, mimi sikikalii. Nikimpelekea chakula naweka mezani natoka. Hakuna chuki hapo jameni, ndivyo tulilelewa.

Sasa fikiria huyo mzee na mimi kwa Probox moja kutoka Kamere mpaka Nakuru.

Mbele hakuna vile angekaa, bega kwa bega na mimi. Akakaa nyuma. Chifu naye akaingia, kwa sababu mzee alisema wazi kwamba bila Chifu haendi mahali. Nilijaribu kumweka Chifu kwa boot, wah! Alilia kutoka Kamere mpaka karibu na Naivasha town, mzee akaanza kuhema, ikabidi nisimamishe gari nimhamishe.

Tulifika Nakuru salama. Mzee akashuka, akasimama kando ya mlango na kofia mkononi, macho chini.

"Mama Ivy," akaniambia. "Chifu amekojoa kwa kiti. Unisamehe."

Nikaangalia. Ile alama ilikuwa upande wa mzee. Chifu alikuwa amelala upande wa pili tangu Gilgil, mkavu kabisa, hata hakuelewa kwa nini anatajwa. Na mzee alikuwa amejifunga koti kiunoni, jua limewaka vile.

Sijui ni nani alinipa akili hiyo dakika. Nikamgeukia Chifu.

"Wewe Chifu! Huna adabu? Unaharibia watu gari?"

Chifu akashusha masikio. Mzee akapumua. Akaenda choo na mfuko wake wa karatasi, akarudi na suruali nyingine. Mimi sikuona kitu.

Kliniki ya pili ikikaribia nikampigia simu. Akaniambia hatakuja.

"Nimefikiria nikaona niache tu, mama. Chifu atakumalizia gari."

"Baba, gari si kitu. Inaoshwa."

"Hapana. Huyu mbwa amezeeka. Hawezi kujizuia, na anaona haya."

Akaniambia asante, akakata.

Nikakaa chini pale kwa viatu vyangu. Nilijua mzee akiacha kliniki atamalizikia Kamere peke yake, na kitakachommaliza ni aibu hata kabla ya ugonjwa. Na singeweza kumwambia, "Baba, najua ni wewe." Hilo neno mke wa mtoto halisemi. Ningelisema, asingeniangalia tena mpaka anaingia kaburini. Ningemwambia bwanangu, angempigia baba yake, na mzee angejua ni mimi nimesema.

Kwa hivyo ikabaki mimi, Chifu na seat cover.

Nikaanza na nailoni, ile inakuja na godoro mpya. Nikampigia tena nikamwambia, "Baba, nimemwekea Chifu nailoni, sasa hata afanye nini hakuna shida." Akakubali, lakini kwa shingo upande.

Wakuu, nailoni msijaribu. Inapiga kelele kila mtu akisonga, halafu maji hayaendi popote, yanakaa pale pale chini yako. Mzee hakusonga safari nzima ndiyo isipige kelele. Alikaa wima vile mtu hukaa kanisani, mpaka Nakuru.

Safari iliyofuata nikaenda kwa fundi wa viti anishonee leather. Si leather ya ukweli, ni ile ya plastiki inang'aa. Ilipendeza, hata wateja wangu walisifu gari. Lakini ukibeba mbwa utalia. Inateleza. Nikikanyaga breki Chifu anaenda chini, mzee anamvuta shingo, wote wawili wanahangaika. Gari ikilala kwa jua la Naivasha, hiyo kitu inachoma. Na maji yanaingia kwa mishono, unashtukia harufu baadaye.

Mbaya zaidi, haitoki haraka. Siku hiyo tumefika nikaanza kupambana na zile kulabu za chini ya kiti, mzee amesimama ananiangalia. Akasema, "Wacha, mama. Mbwa ni wangu, nitaosha mimi." Akainama na kitambaa, mtu mgonjwa, anapanguza. Na mimi singeweza kumshika mkono nimwondoe pale. Nikazunguka nyuma nikafungua boot nikajifanya natafuta kitu, nikalia huko.

Akimaliza akaniambia, "Hii ndiyo ya mwisho. Usije tena kwa sababu yangu." Na huyo mzee akisema kitu amesema.

Basi nikazunguka Nakuru yote. Duka moja la vitu vya magari, jamaa akanitolea kitu imekunjwa kwa mfuko, juu yake kuna picha ya mbwa mkubwa anacheka.

"Madam, hii ni ya mbwa za wazungu. Wewe uko na mbwa ya aina gani?"

"Wa mzee," nikamwambia. Akaikunjua nione.

Hiyo cover ni ya kuning'inia, hammock. Unafunga mikanda yake kwa headrest za nyuma na za mbele, inakuwa kama machela, hata mbwa hawezi kuanguka kule chini pa miguu. Upande mmoja una zipu, ukifungua mtu anaweka miguu vizuri na mbwa anabaki na upande wake. Juu ni kitambaa kimeshonewa sponji, kinafyonza, hakitelezi, hakina kelele. Chini ni waterproof, maji hayapiti. Ina matundu ya seat belt. Rangi nyeusi. Kutoa ni kubofya klipu, unakunja, unatupa kwa mashine.

Na kuna kitu duka halikuniambia. Ikifungwa inapanda katikati ya viti vya mbele, inakuwa pazia. Mimi niko mbele na usukani wangu, mzee yuko nyuma na mambo yake, simwoni. Kwa watu wa kwetu, heshima kama hiyo ingeshonwa na fundi gani?

Sikumpigia simu. Nilienda tu mpaka Kamere nikasimama mlangoni nikafungua gari. Kwa kona ya hiyo cover kuna kiraka kidogo cha picha ya mbwa. Sikukitoa. Mzee akaja polepole, akapitisha mkono juu ya kile kitambaa, akabonyeza ile sponji, akafika kwa ile picha akasimama.

"Kumbe hii ni ya Chifu."

"Ni ya Chifu, Baba. Yake kabisa."

Halafu akacheka, mara ya kwanza tangu augue.

"Basi mimi ndio nimepewa lift."

Akaingia.

Kutoka siku hiyo hakukosa kliniki. Tukawa na njia yetu. Nikifika Kikopey, pale pa nyama choma, nasimama, najifanya nataka nyama. Vijana wa choma wanakimbilia gari, "Karibu mathe, karibu!" Mzee anashuka polepole anaenda choo, akirudi anamnunulia Chifu mifupa. Yeye mwenyewe nyama ilikuwa imemshinda kitambo.

Na nyuma ya ile pazia akaanza kuongea. Si na mimi. Anaongea na Chifu, na mimi nasikia.

"Chifu, huyu mama anakimbiza gari sana. Mwambie wewe, mimi naogopa."

"Chifu, kijana wangu hajui vile ameoa vizuri. Mimi nilijua siku ile ya kwanza."

Mimi najibu, "Chifu, mwambie Baba afunge mkanda." Hivyo hivyo mpaka Nakuru. Nilimjua baba mkwe wangu kwa hizo safari kuliko miaka yote niliyoolewa.

Tukishuka, mara nyingi cover imelowa. Mzee anasema, "Chifu tena." Mimi namkemea Chifu, Chifu anashusha masikio. Nakunja cover bila kuangalia, naweka nyingine kavu. Nilikuwa nimenunua mbili.

Ikafika siku daktari akaniita kando akasema hakuna haja ya kumtesa na barabara tena. Mzee hakuuliza ameniambia nini. Tukarudi. Kikopey hakuweza kushuka, nikamnunulia Chifu mifupa mimi.

Tumepita Gilgil nikasikia sauti nyuma, ndogo sana.

"Chifu."

Nikapunguza mwendo nisikie.

"Chifu, umshukuru huyu mama. Umemharibia gari wakati huu wote na hajawahi kukuaibisha mbele ya watu."

Wakuu, barabara ilipotea. Niliegesha kando, malori yanapita yakitikisa gari. Nilitaka kugeuka. Nilitaka nivute hiyo pazia nimshike mkono, mila ifanye yenye inataka. Sikugeuka. Kitu alikuwa amenificha nisione, sikutaka kukichukua kwa nguvu.

Nikasema tu, "Chifu, mwambie Baba gari ni yenu."

Akasema, "Amesikia."

Hakukaa sana baada ya hapo. Bwanangu aliwahi kufika, alimpata akiongea. Tulimpeleka nyumbani magharibi tukamzika kando ya mke wake. Watu walimsifu vizuri, walisema alikuwa mtu msafi, wa kujiheshimu, na mimi nilikuwa nyuma kwa wamama nasikiza, nikaitikia kwa roho yote.

Chifu nilimchukua. Sasa anaishi na mimi hapa Nakuru, asubuhi tunashuka naye Bondeni kazini. Ni mzee, anakoroma kwa mabelo.

Bwanangu kabla arudi Saudi aliingia kwa gari, akanusa nusa. "Huyu mbwa si ulikuwa unasema anakojoa kwa kiti? Mbona hakuna kitu?"

"Aliacha," nikamwambia.

Mpaka leo hajui. Ninyi ndio wa kwanza, na ni kwa sababu hapa hakuna anayejua jina langu halisi.

Ile cover bado iko kwa kiti cha nyuma. Tangu mzee atutoke haijawahi kulowa hata mara moja. Kuna asubuhi naweka mkono nyuma nikigusa, ni kavu, halafu nakaa kwanza kabla niwashe gari.

Basi, kwa yule aliyeuliza: chukua ya kuning'inia. Kitambaa cha sponji juu, waterproof chini, rangi ya giza, klipu za kubofya. Leather mwachie mwenye gari ya kuonyesha watu. Nunua mbili, moja ikiwa kwa kamba nyingine iko kwa gari. Na kama ina picha ya mbwa, usiitoe.

Mimi nimejifunza kwamba mtu anaweza kukubali kusaidiwa kama utamwachia mahali pa kuficha uso. Mlio na njia zenu za kubeba wazee, au mbwa, semeni hapo chini nasoma zote.

Na kama una mzee ameanza kukataa safari bila sababu, nunua hiyo cover hata kama hauna mbwa. Mbwa nitakuazima Chifu, yeye alishazoea kusingiziwa.