Uingereza Wamerudisha Saa Nyuma, na Leo Ndiyo Ndoa ya Dada

Jamani, acheni niwasimulie!

Leo dada yangu Salma ameolewa hapa Busia. Baba yuko Uingereza, lakini ndiye walii wa kumwozesha, kwa simu. Kazini amepewa dakika ishirini tu, na saa ya kupiga anaambiwa na programu niliyoiandika mimi.

Sasa, Uingereza leo wamerudisha saa nyuma. Sheria ya hiyo saa nimeiingiza kwenye programu jana tu; ikikosea, Baba atachelewa saa nzima!

Saa nane ikafika. Simu kimya.

Baba mdogo akakohoa. “Niozeshe mimi?”

Salma akanitazama. Woi, yale macho!

Simu ikalia.

“Mwanangu, programu imeniita sasa hivi. Nimechelewa?”

“Hapana, Baba! Shehe anakungoja!”

Bibi harusi hakulia. Nimelia mimi. Nicheke­ni tu!