Mfuniko Ndani ya Blanketi la Mama Mkwe

Jamani, jambo hili niliapa kwenda nalo kaburini, lakini kwa kuwa mke wangu ameshalisimulia kanisani, sokoni na hata kwa fundi cherehani, afadhali mlisikie kwangu mimi niliyeufanya ujinga wenyewe.

Mimi ni mwalimu, mtu wa Singida, nilipangiwa kazi hapa Kitahana, Kibondo, na mwaka wa kwanza mkaa ulinitesa sana (mseja anayeishi kwa maharage, mnategemea nini). Jirani yangu Mama Yonasi, ambaye wazazi wake walikimbia kutoka Burundi akakulia kambini, akanionea huruma akanionyesha kapu lake. Amelijaza majani makavu ya mgomba, maharage yaliyolowekwa anayachemsha kama nusu saa hivi, yakitokota sawasawa anaitumbukiza sufuria kapuni na mfuniko wake, anaigubika nguo nzito, halafu huyoo shambani, akirudi yameiva na mvuke juu. Na si kapu tu. Maji ya kuoshea mboga yanakwenda kwenye mchicha, vumbi la mkaa analifinyanga na udongo linawaka upya, yaani kwa yule mama hakuna kitu kinachotupwa. Mimi na cheti changu cha chuo nilikaa pale kwenye kigoda nikamsikiliza kama mtoto wa darasa la kwanza.

“Gubika kwa chochote kizito,” aliniambia, “ila kiwe kikuukuu.”

Nikashika yote, hiyo “ila” nikaiacha.

Basi gunia la mkaa likaanza kukaa miezi, na kwa akiba hiyo nikanunua blanketi zito la manyoya, rangi ya maziwa, ndani ya mfuko wake wa zipu. Lilikuwa la kumpelekea mama yake Spesioza, binti niliyetaka kumuoa, kwao Kasulu. Yule mama ni mjane, anauza dagaa, na neno la mwisho lilikuwa lake. Alishamwambia bintiye kwamba walimu wa kupangiwa leo wapo kesho wamehamishwa, na kwamba anataka kumwona kwa macho yake huyo mtu kama anajua kutunza. Kwa hiyo blanketi lile ndilo lilikuwa linaninenea.

Siku moja kabla ya safari, mshenga wangu, Mwalimu Hamisi, akaja kulala kwangu pamoja na wazee wawili. Wageni watatu, sufuria kubwa, na jiko langu dogo haliwezi kuibeba, nikaichemshia nje kwenye mafiga kwa kuni. Wakati wa kugubika, sweta langu la kugubikia siku zote halikutosha. Nikaliangalia blanketi langu la kulalia, nikalihurumia (baridi ya Kibondo mnaijua, halafu nilale nanuka maharage?), nikaliangalia la mama mkwe. Nikajisemea, mara moja tu, nani atajua.

Jioni maharage yakatoka laini kama siagi, wazee wakasifia, mimi nikavimba kichwa. Giza lilishaanza kuingia, nikalikunja blanketi harakaharaka kabla Hamisi hajaliona, nikalifungia mfukoni mwake. Baadaye nikautafuta mfuniko nifunike kiporo, nikautafuta weee, nisiuone, nikafunika kwa sahani.

Kasulu tulipokewa vizuri mno. Sebule imejaa, mimi nimeinamisha kichwa (mwoaji hana kauli, mshenga ndiye anayesema), na Hamisi anamwaga maneno mpaka nikajionea fahari. Akafungua zipu, akasimama mbele ya mama, akalikung'uta blanketi ili amvike mabegani.

Mfuniko ukaanguka kwenye sakafu ya saruji kwa kishindo, ukabingirika taratibu, ukaenda kulala miguuni kwa shangazi yake Spesioza ukiwa na maharage mawili yamegandia. Na katikati ya blanketi likaonekana duara jeusi la masizi. Shangazi akauokota akautazama, akasema wao walitegemea blanketi, kumbe wameletewa na mboga. Hakuna aliyecheka. Hamisi alinigeukia na jicho ambalo mpaka leo hajalirudisha. Spesioza, mlangoni, alijifunika uso kwa kitenge.

Mama akaniamuru niseme mwenyewe. Nikasimama, nikaeleza kapu lote, majani ya mgomba, mkaa, mpaka sufuria kubwa. Akasikiliza mpaka mwisho, akalinusa blanketi.

“Yaliiva?”

“Yaliiva, mama.”

Akaitikia kwa kichwa, akasema enzi anapeleka dagaa kambini Nyarugusu aliwaona kina mama wakifungia sufuria nguo kwa sababu kuni zilikuwa taabu, na aliwavulia kofia, kwa sababu mwenye akili ya kutunza kuni atatunza na nyumba. Moyo wangu ukaanza kurudi mahali pake. Ndipo akauliza:

“Na usiku ule wewe ulijifunika nini?”

Ningesema uongo. Lakini macho ya yule mama, ndugu zangu!

“Blanketi langu, mama.”

“Lilikuwa safi?”

“Safi, mama.”

Kisha akasema kapu langu amelipenda, na binti atanipa, ila mfuniko unabaki kwake mpaka nilete blanketi ambalo halijaonja maharage. “Na siku hiyo,” akaongeza, “wewe uje umejifunika hili.”

Miezi mitatu nilifunika sufuria kwa sahani, nikibana mkaa upya, na siku ya kurudi nilishuka kwenye basi stendi ya Kasulu saa sita mchana, jua kali, nimejitanda blanketi la masizi, jipya mkononi, watoto wananifuata. Mama alinipokea kwa mikono miwili. Mfuniko alimkabidhi Spesioza siku ya harusi, mbele ya watu wote.

Kapu bado tunalipikia, na Mama Yonasi bado ndiye mwalimu wangu. Ila siku hizi sweta lisipotosha, blanketi ninalotandua kitandani ni langu.